Treni ina haraka, ila Bagamoyo iko palepale

Wafanyabiashara wenzangu wa Bagamoyo, Kerege, Mapinga, Bunju na Boko, leo tuongelee stesheni.

Siku hizi nikipita kwenye statasi za watu naona tangazo hili: "Wateja wa Dodoma na Morogoro, mzigo unafika leo leo kwa SGR!" Ukimuuliza bosi yuko wapi, anakwambia yuko Dunda, pale Bagamoyo mjini. Anauza vikoi, mikeka, mafuta ya nazi. Mimi msimamo wangu ni kwamba ahadi hiyo kwa mtu wa ukanda wetu ni ya hasara. Treni haina kosa. Kosa liko kwenye hesabu tunayoipiga kuanzia pale stesheni, wakati mzigo unaanzia nyumbani kwako.

Treni yenyewe ni kweli ina haraka. Ilianza kubeba abiria Dar kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Rais Samia akazindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Imejengwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Dar hadi Dodoma ni karibu saa nne, wakati basi linakula saa nane au zaidi. Nauli zilizotangazwa mwaka huo kwa treni ya kawaida zilikuwa 13,000 kwenda Morogoro na 31,000 kwenda Dodoma. Hapo hakuna ubishi.

Sasa tuanze safari upya, tuanzie mlangoni kwako Bagamoyo.

Unatoka nyumbani na mfuko wako, unachukua boda au bajaji hadi stendi. Daladala ya Makumbusho inasubiri ijae. Weka nusu saa. Barabara kutoka Bagamoyo hadi Bunju haina shida sana, lakini ukishafika Tegeta unaanza kuhesabu taa za breki za gari la mbele. Kuna foleni, kuna ujenzi wa njia ya mwendokasi, kuna lori la saruji la Wazo. Hadi Makumbusho weka saa mbili, na siku mbaya ongeza. Unashuka, unasogea hadi Morocco, unapanda mwendokasi ya Gerezani. Kituo cha Gerezani ndo kiko jirani na stesheni mpya, unatembea kwa miguu. Weka dakika 45 pamoja na kusubiri. Bado hujapanda treni. Abiria anatakiwa kufika mapema, aonyeshe tiketi na kitambulisho, mzigo upite kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Weka saa moja na nusu ili usiachwe, maana ile haisubiri ijae.

Jumlisha mwenyewe. Saa tano hivi, kwenda tu hadi kwenye kiti cha treni! Muda wa kuifuata treni ni mkubwa kuliko muda wa kukaa ndani yake. Mwenzako wa Kariakoo anatoka dukani na mfuko begani, anatembea, amefika. Wewe na yeye mnatangaza kitu kimoja kwa mteja yuleyule wa Dodoma.

Na hapo nimeongelea muda tu. Pesa je? Tuseme umepata oda ya vikoi vinne na faida yako yote ni 24,000. Nauli ya kwenda Dodoma peke yake imeshaimeza faida na kuanza kula mtaji, bado hujarudi. Kwa hiyo hakuna anayepeleka mwenyewe. Kinachofanyika, na tunajua wote, ni kumpa mtu. Unaulizia kwenye grupu la WhatsApp: "Nani anaenda Dodoma kesho?" Anajitokeza mtu, unamkabidhi getini, mteja anampokea kule.

Hapa ndo nataka tuwe wakali kidogo. Kumpa abiria mzigo mkononi sio usafirishaji. Huna risiti, huna namba ya mzigo, na ukipotea huna wa kumdai. Na yeye anabeba hatari kubwa kuliko yako, maana kwenye mashine ya ukaguzi mfuko ni wa aliyeushika. Kama ni dada yako wa damu, sawa. Kama ni mtu wa grupu, fikiria ungemwomba mtu huyohuyo akubebee pesa taslimu ya thamani ileile. Ungempa? Wanaouza uduvi na samaki wakavu hata sisemi kitu, behewa limefungwa na lina kiyoyozi. Muonee huruma abiria mwenzako.

Kuna watu watasema hii stesheni imetutupa sisi wa pwani ya kaskazini. Kiukweli sio mara ya kwanza. Zamani kabla ya reli, mwisho wa safari ya bara ulikuwa Bagamoyo. Misafara kutoka Ujiji na Tabora ilishukia hapa na pembe za ndovu, na watu waliofanywa watumwa, na lile jengo la misafara bado limesimama mjini. Wajerumani nao waliweka makao makuu yao Bagamoyo mwanzoni. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Mwaka 1905 wakaanza reli, na wakaianzia Dar. Ikafika Morogoro 1907, Kigoma 1914. Msafara wa mabega hauwezi kushindana na behewa, kwa hiyo mzigo ukahama, na wafanyabiashara wakaufuata. Ndo maana leo Kariakoo iko pale ilipo na sisi tuko hapa tulipo.

Nimeisema historia hiyo kwa sababu inatupa jibu la biashara. Anayekaa karibu na stesheni utamshinda kwa vitu vingine, lakini kwa haraka humshindi. Sasa wewe unakimbilia kushindana naye kwenye haraka ya nini? Mteja wa Dodoma anayetaka chaja ya simu leo leo, mwache aende Kariakoo. Anayetaka mkeka wa ukindu uliosukwa kwa oda, kinyago cha mchongaji wa Bagamoyo au mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani, huyo ameshakubali kusubiri. Mwambie siku tatu, fika kwa siku mbili. Atakusifia kwa wenzake.

Kinachofanya kazi kwa mtu wa huku, kwa mtazamo wangu, ni kwanza kuacha kuiona Dar kama mlango pekee. Tuna barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, lami. Msata iko kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita pale. Mteja wako wa Korogwe au Moshi, unampelekea mzigo Gerezani wa nini? Unautembeza kusini kilomita 70 kwenye foleni ili uanze tena kurudi kaskazini. Tafuta wakala au ofisi ya basi inayopokea vifurushi njia ya Msata, jenga naye uhusiano, mjue kwa jina. Wauza nanasi wa Kiwangwa wako njia hiyohiyo, waulizeni namna wanavyosafirisha. Wanajua mengi kuliko sisi wa kuandika tu mtandaoni.

Kwa Morogoro, Dodoma na kuendelea, basi bado ndo rafiki wa kifurushi kidogo. Linakwenda polepole, lakini ofisini wanakuandikia risiti, unapewa namba ya gari na ya wa kupokea, mteja anakwenda na kitambulisho kuchukua. Mabasi hayo yanatoka Mbezi Luis. Watu wa Bunju na Boko, sio lazima mzunguke hadi Mwenge na Ubungo: barabara ya Tegeta Kibaoni, Wazo, Madale, Goba inakutokeza Mbezi moja kwa moja.

Halafu kuna hili la majina, linawaliza watu. Kituo cha mabasi cha Mbezi Luis kinaitwa Magufuli, kilizinduliwa Februari 2021. Stesheni ya SGR ya Dar nayo imepewa jina la Magufuli. Ukimwambia boda "peleka mzigo Magufuli" na hujamalizia, mmoja atakwenda Mbezi na mwingine atakwenda mjini, na kati ya hapo na hapo ni mwendo wa kuvuka karibu jiji zima. Andika "Magufuli Mbezi, mabasi" au "Stesheni ya SGR, mjini". Na ukisema "stesheni" tu bado hujamaliza, maana mjini kuna stesheni ya zamani ya reli ya kati jirani na hii mpya, na kuna ya TAZARA kule barabara ya Nyerere, ambayo ndo ya Mbeya na Zambia. Reli tatu, upana tofauti zote: reli ya kati milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Behewa la huku haliwezi kuingia kule. Mteja wa Makambako akikwambia "nitumie kwa treni", muulize treni ipi kabla hujapokea hela yake.

Je, stesheni mpya haina faida yoyote kwetu? Inayo, ukiitumia wewe kama abiria. Kama una wateja kumi Dodoma na unataka kwenda kuonana na wenye maduka wachukue jumla, ile treni ni mtaji. Unalala Dar, unaondoka asubuhi, unaongea na watu mchana, jioni unarudi. Zamani safari hiyo ilikuwa siku tatu na ada ya gesti. Soma masharti ya mizigo ya siku hiyo kabla ya kukata tiketi, ubebe sampuli, usibebe stoku. Mwenye duka akishakubali, mzigo mkubwa unapanda basi au lori.

Na ukishaamua kwenda mjini, usiende kwa kifurushi kimoja. Chagua siku moja ya wiki iwe siku ya mjini, na wateja waijue. Siku hiyo unanunua stoku Kariakoo, unapeleka vifurushi vya Zanzibar kwenye boti, unakabidhi oda za wateja wa Posta na Gerezani, vyote viko eneo moja. Nauli ya siku hiyo igawanye kwa kila oda. Oda nane zinaibeba nauli bila kelele. Oda moja inakuua.

Sasa nina neno kwa wanaopanga usafiri. Stesheni imeunganishwa vizuri na mwendokasi, na njia ya mwendokasi ya barabara ya Bagamoyo imepangwa kufika Tegeta. Hiyo itatusaidia sana sisi wa kubeba begi la mgongoni. Lakini mwendokasi saa za asubuhi hata begi la mgongoni linagombana na watu, sembuse kiroba cha mikeka. Tunachohitaji ni dirisha la kupokelea vifurushi huku kwetu, Bunju au Tegeta, ambapo mtu anakabidhi mzigo saa mbili asubuhi, anapewa risiti, na gari moja linavikusanya vyote hadi kwenye treni. Mashirika ya posta yamefanya kazi ya namna hiyo miaka na miaka, sio jambo la kubuni upya. Treni ya kilomita 160 kwa saa kwa mwenye mzigo wa Bagamoyo ni treni ya mwendo wa daladala, mpaka kipande hiki cha kilomita 70 kipate mtu wa kukihudumia. Wafanyabiashara wadogo tukiwa na namba mkononi tunaweza kulidai, hata kupitia madiwani wetu.

Namba hizo tuanze kuzikusanya wenyewe. Wiki hii ukienda mjini na mzigo, andika saa uliyotoka mlangoni, saa uliyoshuka Makumbusho, saa uliyofika Gerezani, na jumla ya nauli uliyolipa. Ziweke hapa chini na eneo unalotokea. Wa Bagamoyo mjini, wa Mapinga na wa Bunju zitatofautiana sana, na kila mmoja ataona ni siku ngapi za kuandika kwenye tangazo lake.