Baba anapoirudia treni yake akiwa mgonjwa

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baba huyo, mstaafu wa karakana ya reli mjini Morogoro, huondoka nyumbani alfajiri kwenda kusafishwa damu. Hukaa kwenye mashine karibu saa nne, ikifanya kazi ambayo figo zake haziiwezi tena. Akirudi hula kidogo, kisha hulala. Jumanne na Alhamisi ndizo siku zake.

Alhamisi moja, katika mwezi wa tatu wa matibabu, alimwomba binti yake wa mwisho, mwenye miaka 11, amshushie boksi lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na treni aliyoanza kuitengeneza miaka ya nyuma akaiacha: kichwa cha mbao, mabehewa matatu ya bati la makopo ya maziwa, na kipande cha reli ya waya kilichobandikwa juu ya njiti za kiberiti.

Mama hakufurahi. Kuna nauli za hospitali, kuna dawa, kuna ada, halafu mwenye nyumba anaagiza gundi na rangi! Kilichomuuma zaidi hakikuwa fedha. Nguvu kidogo aliyokuwa nayo mumewe, badala ya kuitumia kukaa naye sebuleni, aliipeleka kwenye meza ya chumba cha nyuma. Lawama hii isipuuzwe. Anayeuguza naye huchoka, na ni haki yake kulisema hilo waziwazi.

Ila ugonjwa wa figo humnyang'anya mtu uamuzi wa mambo madogo kabisa. Maji anayokunywa hupimwa. Ndizi na machungwa hupunguzwa. Mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine haubebi ndoo. Kila anayeingia nyumbani ana la kumwelekeza. Mezani pale ni yeye anayejua behewa linakaaje juu ya magurudumu, na wengine ndio wanaouliza.

Binti aliuliza sana. Baba yake alikuwa amechagua kipimo cha moja kwa hamsini: kila mita ya kweli inakuwa sentimita mbili mezani. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo njia yao ikawa ya sentimita mbili. Behewa la mita 12 likawa la sentimita 24. Njiti ya kiberiti, ikikatwa kichwa, inakaribia kabisa urefu wa taruma kwa kipimo hicho. Walipopiga hesabu wakaona kilometa moja tu ya reli ingetaka meza ya mita 20, binti akacheka, kwa sababu chumba chenyewe hakifiki mita nne. Wakakubaliana kutengeneza stesheni moja, Kimamba, iliyo kati ya Morogoro na Kilosa. Uwiano aliokuwa akiukwepa shuleni akaushika hapo.

Kosa lilifanywa na kaka mtu, tena kwa mapenzi. Alikuja kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa wiki, akakuta daraja dogo limekaa wiki tatu bila kuguswa. Usiku, baba amelala, akalimaliza lote. Asubuhi baba alilitazama, akasema, "Ahsante mwanangu," akaifunika meza kwa shuka. Ilibaki imefunikwa siku 12.

Wapo wanaodhani mgonjwa anasubiri kitu kiishe. Kwa fundi huyu daraja lile lilikuwa sababu ya kuamka Jumanne, na likaondolewa. Angefurahi zaidi kama kijana angeuliza, "Baba, leo nikushikie nini?" Kuna mengi ya kumsaidia: kukata mbao ngumu, kuleta taa kali, kuinua meza ili asiiname, kuokota vipande vilivyoanguka. Dakika 20 za kazi kisha kupumzika zinatosha, na siku ambayo hawezi, meza iachwe.

Usalama nao una nafasi yake. Kwenye mashine wagonjwa wengi hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo kukatwa na wembe siku hiyo kunaweza kuvuja muda mrefu. Visu vingoje kesho yake. Gundi na rangi zenye harufu kali zitumike dirisha likiwa wazi. Mwanamuziki wa Uingereza, Rod Stewart, ambaye mwaka 2019 alisema ametibiwa saratani ya tezi dume, ametumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji mzima wa treni ndogo nyumbani kwake Los Angeles. Alipokuwa safarini kwa maonyesho, hoteli zilimtolea vitanda katika chumba cha ziada na kumwekea feni za kupitisha hewa ili aendelee kujenga. Kama hoteli ziliweza kumtolea vitanda, familia haishindwi kufungua dirisha.

Kaka alipiga simu kuomba radhi. Baba hakusema mengi. Jumanne iliyofuata alilibomoa daraja nusu, akamwita binti aje ashike upande wa pili.

Siku hiyo ndipo binti alipouliza swali ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilizunguka. "Baba, utaimaliza?"

"Sijui," alijibu. "Figo hazitapona. Mashine inanisaidia. Shika hapo, usitikise."

Alishika. Wazazi wengi wangemwambia mtoto kwamba baba atapona tu, naye angejua kwamba anadanganywa, maana ndiye anayemwona akirudi kila Ijumaa.

Juzi mama aliingia na chai, kikombe kidogo kilichopimwa. Hakuketi. Aliitazama stesheni, paa lake la bati, na mti uliotengenezwa kwa waya na sponji ya kuoshea vyombo. Akiwa msichana aliwahi kuuza maembe Kimamba, dirishani mwa mabehewa.

"Mwembe haukuwa upande huo," alisema. "Ulikuwa huku, karibu na tangi la maji."

Baba akachukua koleo, akaung'oa.