Vitunguu vya maua haviwekwi akiba

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli kuhusu mahindi ya ghalani na fedha za kibindoni, lakini sidhani walikuwa wakifikiria vitunguu vya maua. Hivyo, msomaji mpenzi, huoza. Na visipooza hukauka vikabaki maganda matupu, kama vile vitunguu vya sokoni vilivyosahauliwa chini ya meza ya jikoni.

Nayasema haya kwa sababu ya barua ya mwanafunzi mmoja, Mkenya aliye masomoni Uingereza. Mwezi wa Desemba, mama mwenye nyumba anamokodi chumba alimkabidhi mfuko wenye vitunguu 20 vya tulipu na vichache vya dafodili, vilivyobaki baada ya mama huyo kuchoka kupanda. Sasa kijana anauliza mambo matatu. Je, avipande wakati huu wa baridi? Au aviweke hadi mwaka ujao? Au avitie sandukuni amletee mama yake Nyeri atakapokuja likizo?

Tuanze na la kuviweka, maana ndilo linalowapotosha wengi. Mbegu ya sukuma wiki ukiihifadhi mahali pakavu itakaa mwaka mzima na zaidi, kwa sababu imelala fofofo. Kitunguu cha maua hakilali hivyo. Ukikipasua tulipu katikati wakati huo wa Desemba, utakuta ua changa limekwisha kuumbwa ndani, limezungukwa na magamba manene yenye chakula, mfano wa kifaranga ndani ya yai. Chakula hicho ndicho pekee kilichonacho, na kila wiki kinapungua. Ikifika Desemba nyingine hutakuwa na kitu cha kupanda. Kwa hiyo kukipanda kikiwa kimechelewa ni kubahatisha, lakini kukiweka ni hasara ya hakika.

Na huenda kijana wetu hajachelewa sana kama anavyodhani. Huko Ulaya dafodili hupandwa mapema, Septemba hivi, kwani hupenda kutoa mizizi kabla udongo haujapoa. Tulipu ni kinyume. Watunza bustani wengi wa Uingereza huingoja Novemba kwa makusudi, kwa sababu udongo ukiwa baridi hupunguza ukungu fulani unaobabua majani na maua, ugonjwa ambao wenyewe wanauita moto wa tulipu. Basi Desemba ni kuchelewa wiki chache tu. Hata Januari, maadamu ardhi haijaganda ikawa jiwe, yafaa kujaribu. Maua yatakuja nyuma ya ya jirani, na mabua yake yatakuwa mafupi. Dafodili iliyochelewa huenda isichanue kabisa mwaka wa kwanza, ikatoa majani tu. Isikukere. Majani hayo yaachwe yafe yenyewe, maana ndiyo yanayojaza kitunguu chakula cha mwaka unaofuata.

Kabla ya kushika jembe, kiminye kila kitunguu kwa vidole jinsi mama anavyochagua vya kupikia pale Wakulima. Kilicho kigumu na kizito ni kizima. Kilicho laini na chenye kunuka, au chepesi kama pamba, kitupe. Ukungu kidogo juu ya ganda si neno, ufute. Kilichokwisha kuchipua kipande vilevile, ila uangalie usikivunje ncha. Shimo liwe na kina kama mara tatu ya kimo cha kitunguu. Kwa tulipu ni sentimita 15 au kupita, ncha ikiangalia juu. Ukipanda juujuu, kindi wa mijini watakifukua mara moja. Wanaipenda tulipu kama watoto wetu wanavyopenda njugu.

Na ikiwa ardhi imeganda, au chumba hakina bustani? Basi ni chungu chenye matundu chini na udongo usiotuamisha maji, vitunguu vikae karibu karibu bila kugusana. Chungu hicho kibaki nje, kando ya ukuta. Hapa ndipo huruma inapoharibu kazi: mtu huona theluji, akakiingiza chungu ndani karibu na hita. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na baridi ndiyo saa yake. Yataka wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzi 9 hivi. Isipoipata, bua halirefuki, na ua hukwama katikati ya majani likafa hapo.

Umeshaona basi jibu la swali la Nyeri. Hata ukungu wa Julai huko haufikishi baridi hiyo kwa miezi mitatu mfululizo, sembuse Nairobi. Wapo wanaovitia kwenye friji wiki hizo zote, na huchanua, mara moja tu. Lakini friji ya nyumbani ina matunda, na ndizi au tofaa linaloiva hutoa hewa inayoliua ua changa ndani ya kitunguu. Kisha kuna hatari kubwa zaidi: dafodili hufanana mno na kitunguu cha mboga, nayo ina sumu. Watu wamewahi kutapika vibaya baada ya kukitia kwenye mchuzi. Waholanzi walikula vitunguu vya tulipu wakati wa njaa ya 1944 na 1945, lakini ilikuwa njaa ya vita, wala si sababu ya wewe kuvikaribisha jikoni penye watoto.

Aidha, mmea wowote kutoka ng'ambo unahitaji kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Usivifiche katikati ya soksi. Nchi inayoishi kwa kuwauzia Waholanzi waridi za Naivasha haifai kujiletea magonjwa ya maua kwa sanduku la mwanafunzi.

Mama wa Nyeri hatapungukiwa. Gladioli anaweza kuzipata hapa hapa nchini, na hazidai baridi yoyote. Azipande kwa mafungu, fungu moja kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu hivi atakuwa anakata maua kwa zamu. Lakini mimi ningemshauri atafute kwa wauza miche lile yungiyungi letu jekundu, Scadoxus multiflorus, ambalo huota lenyewe katika nchi yetu. Kiangazi chote huwezi kujua kama lipo. Mvua ikinyesha, bua hutokeza kutoka ardhini, mara nyingi hata kabla ya majani, likiwa na tufe la vijiua vyekundu pengine kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Nalo lina sumu, kwa hiyo lipandwe mbali na kitalu cha mboga, wala lisichimbwe msituni. Lipandwe kabla ya mvua za Machi, shingo ya kitunguu ikichungulia juu ya udongo, kisha lisiguswe tena kwa miaka, kwa kuwa halipendi kuhamishwa.