Kiwanja Chetu, Njia ya Wenzetu

Wapo wanandoa wanaoombana msamaha kwa maua, na wapo wanaomalizana kwa samaki wa kuchoma pale ufukweni. Mimi na mume wangu tunaombana msamaha kwa baiskeli. Usicheke, msomaji wangu! Huu ni mwaka wa saba wa ndoa yetu, na ugomvi wetu mwingi umeishia kwenye njia moja nyembamba kati ya Bukoba na Muleba. Ukishapanda kilima kwa baiskeli ya gia, jasho linakutiririka na unahema kama umefukuzwa, mdomo wa kulumbana unautoa wapi?

Kila Jumamosi, mvua isiponyesha, tunatoka Bukoba alfajiri. Tukishapita Kemondo tunaacha lami na kuingia rweya. Kwa wasiofika kwetu, rweya ni eneo la wazi la nyasi linalotenganisha kijiji na kijiji. Kibanja ni cha familia, kina migomba, kahawa na nyumba. Rweya ni ya wote: ng'ombe wanachungwa humo, nyasi za kutandaza kwenye migomba zinakatwa humo, na akina mama wanalima njugu mawe humo. Katikati yake ndiyo zinapita njia zetu, udongo mwekundu na mawe, Ziwa Victoria likiwa mkono wa kushoto. Siku tukiwa na nguvu tunafika Muhutwe na kupandisha hadi Kamachumu. Siku tukiwa hoi, tunaishia kwa bibi mmoja anayeuza chai na maandazi, tunageuza.

Sasa sikiliza kisa.

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaanza, tulikuta vigingi. Vimepangwa mstari mmoja, vimefungwa vitambaa vyekundu, na vitatu vimesimama katikati ya njia kabisa. Niliwaka. "Hawa wenye pesa watatumaliza! Hata pa kupumulia wanataka kuweka geti?" Nilisema mengi siku ile, mengine hayaandikiki gazetini. Mwenzangu akawa kimya tu. Nikadhani kachoka.

Usiku, watoto wamelala, akaniambia: "Mke wangu, kile kiwanja cha pili kutoka juu ni chetu. Nimeshatoa kishika uchumba."

Yaani! Alitaka iwe sapraizi. Nyumba yenye baraza inayotazama ziwa, karibu na njia tunayoipenda. Pesa alizotoa zilikuwa akiba yetu ya miaka miwili, na mimi mwenyewe nilikuwa nazihesabu kila mwisho wa mwezi nikijua zipo.

Nilikasirika mara mbili: kwanza kwa siri, pili kwa njia. Ya siri tuliimaliza wenyewe, haikuwa kazi ya wiki moja, na si mada yangu ya leo. Ya njia ndiyo ilininyima usingizi. Yule mwenye pesa niliyekuwa namtukana asubuhi alikuwa ni mimi.

Na tuseme ukweli, mume wangu alikuwa na hoja. Tumepanga miaka yote hii. Viwanja vya mjini havishikiki. "Tusiponunua sisi atanunua mwingine," akaniambia, "na huyo mwingine hata baiskeli hana." Sikuwa na jibu. Wewe ungekuwa nalo?

KURA SI YETU

Jumamosi iliyofuata tulirudi bila kusemezana, tukaenda moja kwa moja kwa bibi wa chai. Nikamuuliza kama ameona vigingi. "Nimeviona, mwanangu," akasema. "Wajukuu zangu wanapita hapo kwenda shule. Nami napita hapo kwenda chemchemi. Lakini wenye karatasi wamekuja, tuseme nini?"

Nikaona aibu. Miaka yote mimi niliiita "njia yetu ya baiskeli". Kumbe ni njia ya maji, ya shule, ya nyasi, ya vijana wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kwenda barabarani. Sisi wa mjini tumeikuta tayari imekanyagwa na miguu ya watu wengine.

Nikaanza kusoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya mtu binafsi au familia, na ya akiba. Inasema pia kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ni wakazi wote wa kijiji waliofikisha miaka 18. Umeona hapo? Wakazi. Sisi wa kutoka Bukoba na helmeti zetu tunaweza kwenda kusikiliza, lakini kura hatuna.

Kwa hiyo kelele zetu zisingesaidia. Tulichofanya ni kwenda mlango kwa mlango na yule bibi, jioni mbili, tukiwauliza watu: wewe unapita wapi? Tukachora kwenye daftari la shule la mwanangu. Mistari ikawa mingi, na karibu yote ikapita pale penye vigingi. Vijana wa ndizi walikuwa wakali kuliko wote, maana njia ikifungwa watazunguka mlima mzima na mzigo.

Mkutano ulipofika tulikaa nyuma. Mume wangu aliomba ruhusa ya kusema. Akasimama, akaeleza kwamba yeye ni mmoja wa wanunuzi, kwamba hakuuliza kabla ya kutoa pesa, na kwamba yuko tayari kiwanja kipungue. Sijawahi kumpenda mwanaume huyu kama siku ile, jamani. Nilipojaribu mimi kusema neno kuhusu njia ya mazoezi, watu walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Mazoezi? Hamna jembe huko mjini?" Nikakaa. Kisha akasimama bibi wa chai, akasema maneno machache tu: "Mkifunga njia, mtanibebea ndoo nyinyi?" Hapo pakanyamaza.

Ikabainika kwamba juu ni shamba la familia ya muuzaji kweli, ila chini, penye nyasi na njia, ni pa kijiji, wala mkutano haukuwahi kuidhinisha pauzwe. Walikubaliana njia ibaki, hatua nne upana, na mipaka ipandwe mlamula, ule mmea ambao Wahaya tumeutumia tangu zamani kuonyesha cha huyu kinaishia wapi. Kiwanja chetu kikapoteza kona nzima, ile ile ya baraza la kutazama ziwa. Muuzaji alitupunguzia bei kidogo, kwa shingo upande.

Nisikudanganye kwamba tumeshinda yote. Mnunuzi wa kiwanja cha chini ameshazungushia senyenge, na mpaka ninapoandika shauri lake halijaisha. Jumamosi tukifika pale tunashuka, tunainua baiskeli begani, tunapita pembeni kwenye tope.

WALIOTUTANGULIA

Siku nikikata tamaa nawakumbuka watu wa Karura. Msitu ule wa Nairobi una zaidi ya hekta 1,000, na miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu wajenge. Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti pale, wakapigwa na walinzi waliokuwa getini, naye akajeruhiwa kichwani. Hawakuacha. Wanafunzi wakaingia, viongozi wa dini wakaingia, na Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama yule akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Msitu uliookolewa ulikuwa bado unaogopwa kwa sababu ya vibaka. Baada ya Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 kuruhusu wananchi kushirikiana na serikali kutunza misitu, likaundwa kundi la marafiki wa Karura, uzio ukajengwa, na vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kuulinda. Leo wapenzi wanatembea humo wameshikana mikono, na baiskeli za kukodi zipo. Eneo likitumiwa na wengi, anayetaka kulinyakua anaonekana mapema.

KABLA HUJATOA KISHIKA UCHUMBA

Najua wengi wenu mnaosoma hapa mnatafuta kiwanja. Tafuteni, ni haki yenu. Ila fanyeni haya:

• Nendeni wawili. Kiwanja cha sapraizi ni kama mchumba uliyetafutiwa, kasoro zake utazijua baadaye.

• Kitembeleeni asubuhi ya siku ya shule. Mkiona watoto wanakatiza, jueni hapo ni njia, hata kama kwenye mchoro haipo.

• Ulizeni wanawake wa jirani wanachota wapi maji na wanakata wapi nyasi. Muuzaji hatawaambia.

• Kama ni ardhi ya kijiji, ombeni kuona muhtasari wa mkutano mkuu. Neno la kiongozi mmoja peke yake halitoshi, hata awe mkarimu vipi.

• Mkikuta njia, iacheni nje ya ukuta na muiandike kwenye mkataba, ili hata mkiuza kesho atakayekuja aikute.

Nyumba bado hatujajenga. Tumepanda migomba michache na mti mmoja wa parachichi. Jumamosi iliyopita tulikaa pale tukila maandazi, na kijana mmoja akapita kwenye zile hatua nne anasukuma mikungu sita. Akasimama, akapumua, akatuamkia. Mume wangu akainuka bila kuambiwa, akamsukumia mpaka juu. Mimi nikabaki nalinda baiskeli, nikicheka peke yangu, maana asubuhi ile tulikuwa tumetoka nyumbani tumenuniana na sikukumbuka tena ni kwa nini.

Na nyinyi mnamalizia wapi ugomvi wenu? Hapo mahali, mna uhakika mwakani patakuwapo?

Tukutane mwezi ujao.