Kudura ya Mungu na Tadbiri za Wanadamu

Mtu apitaye leo katika njia kuu za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hakosi kuona mabango ya mikutano ya injili, ambamo sura ya mhubiri imekuwa kubwa kuliko jina la Bwana anayemhubiri, na miujiza imeahidiwa kwa siku na saa yake kamili. Nyuma ya mabango hayo zimo kamati za fedha, vipaza sauti, kamera za televisheni na makadirio ya watakaohudhuria. Sina ugomvi na vyombo, maana Mtume Paulo naye alitumia barua, merikebu na barabara za Warumi. Ugomvi wangu ni na itikadi iliyojificha ndani ya maandalizi hayo, kwamba tadbiri ikikamilika Roho Mtakatifu hana budi kushuka, na asiposhuka kasoro itafutwe katika tadbiri. Itikadi hiyo ni ghururi, na hoja ya kuikanusha haihitaji kuagizwa ng'ambo, kwa kuwa imo katika historia yetu wenyewe.

Mwaka 1929, Rwanda ikiwa katika makali ya njaa kuu, Joe Church, daktari Mwingereza aliyetumika katika hospitali ya misheni ya Gahini, alifika Kampala hali amechoka mwili na roho. Huko, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya, ambaye naye alikuwa akihuzunishwa na ubaridi wa Kanisa. Yafaa kukumbuka kwamba kwa kipimo cha macho Kanisa la Uganda wakati ule halikupungukiwa na kitu: lilikuwa na kathedrali Namirembe, hospitali Mengo, chuo cha wachungaji Mukono, shule nyingi na waumini wengi kupita hesabu ya mababa waliolianzisha. Watu wale wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi katika zama ambazo rangi ilikuwa ukuta baina ya nafsi na nafsi, hawakuunda chama wala hawakuandika mpango. Walifungua Maandiko pamoja, wakapiga magoti, wakaomba Mungu awatengeneze wao kwanza.

Lililofuata katika miaka michache Gahini na nchi za jirani, yaani uamsho, ndilo linalotupasa kulitazama kwa taratibu, kwa sababu ni jambo ambalo hakuna fedha inayoweza kulinunua. Watu waliungama dhambi zao hadharani pasipo kuhojiwa na mtu. Mali iliyoibwa ilirudishwa kwa wenyewe, mume aliomba radhi kwa mkewe, na wamisionari wa Kizungu wakasimama mbele ya Waafrika kukiri takaburi waliyokuwa wamewafanyia. Nani awezaye kumshurutisha mtu mwenye madaraka kufanya hivyo? Kipaza sauti hufikisha maneno masikioni, na sauti nzuri huweza kuliza umati mzima kwa jioni moja. Lakini dhamiri iliyokufa haifufuliwi na sauti, na mwizi aliyelizwa usiku aghalabu huamka asubuhi na mali ya watu ingali nyumbani kwake.

Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa mwalimu huko Gahini, na mwanzoni mwa mwaka 1936 alikuwa tayari kupeleka mbele ya sinodi ya Uganda mwito wake kwamba Kanisa liamke. Homa ikamchukua Januari ile ile, naye hakuifikia sinodi. Kwa hesabu za wanadamu shughuli ilikuwa imekwisha, ila mwito wake ulienea Uganda baada ya mauti yake kuliko alipokuwa hai. Uamsho ukavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika, ukaingia kwa Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti na Wapresbiteri, ilhali haukuwa na kadi za uanachama wala viongozi wa kulipwa mishahara. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, wapo ndugu wa uamsho huo katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo na wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali, na baadhi yao waliuawa. Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda alipouawa Februari 1977 kwa kutonyamaza mbele ya Idi Amin.

Wala sisahau kwamba Rwanda hiyo hiyo, ambako moto ule uliwaka, mwaka 1994 iliona Wakristo wakiwaua Wakristo, na wakimbizi wakichinjwa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama. Jambo hilo ni zito, na asiyeogopa kulitazama atakiri kwamba neema waliyoipokea wazee kwa magoti haikabidhiwi wajukuu kwa urithi, wala haihifadhiwi katika majengo, vyeo na idadi ya waliobatizwa. Kizazi ambacho hakikutubu kinaweza kurithi nyimbo zote za wazee wake na kusalia bila auni ya Mungu siku ya majaribu.

Basi, wachungaji na wazee wa kamati mnaosoma haya, kabla ya kuuliza bei ya kukodi uwanja, ulizaneni ninyi kwa ninyi ni nani kati yenu asiyesema na ndugu yake, sadaka ya mwaka jana ilikwenda wapi, na ni mjane yupi anayewadai. Lipeni deni hilo, patanisheni ugomvi huo, ombeni mkiwa mmefunga mlango. Kisha, mkiona bado ipo haja, chapisheni mabango yenu.