Bibi harusi asiye na matamanio si mgonjwa



Sisi ni mafundi cherehani wa Njinjo, Kilwa. Bibi harusi anapokuja kupimwa gauni ndipo hutoa la moyoni. Mmoja alituuliza kwa sauti ya chini, "Mbona mie sisikii kitu? Kwenye hadithi za simu wote wanatetemeka." Kwao walishasema ana jini mahaba, na mganga anatafutwa.

Tunasema wazi: hadithi hizi zinatudanganya. Msichana asiye na matamanio akitokea humo, ama anachekwa kuwa barafu, ama anakuja mwanaume kumponya sura ya mwisho. Hata riwaya zetu kubwa, Rosa Mistika (1971) na Utengano (1980), zimetuonyesha wanawake walioumizwa na tamaa za wanaume. Aliyeumbwa bila matamanio hayo hatukumwona.

Mtasema ni mambo ya Wazungu. Kweli, mwaka 2020 Alice Oseman wa Uingereza alitoa Loveless. Msichana wake Georgia anajitambua hivyo, na hakuna mwanaume anayembadilisha. Lakini fungueni Suratun Nur aya ya 31: wametajwa wanaume wahudumu wasio na haja na wanawake, wala hawakutukanwa. Na Bibi Karima al-Marwaziyya, aliyesomesha Sahih Bukhari Makka karne ya 11, hakuolewa maisha yake yote. Sababu anaijua Mola. Mwanachuoni al-Khatib al-Baghdadi alikwenda kusoma kwake, kwa hiyo heshima haikumpungukia.

Hatusemi ndoa iachwe. Ndoa ni sunna, na mume ana haki yake. Ndiyo maana tunataka binti aweze kusema kabla ya nikahi, asije akalia peke yake somo akishaondoka. Suratur Rum aya ya 21 imetaja utulivu, mapenzi na huruma ndani ya ndoa. Je, hayo hayatoshi kuandikia hadithi ya mapenzi?

Waandishi, tuandikieni huyo bibi harusi, naye ajione. Na nyinyi mama zetu na masomo, kabla ya kwenda kwa mganga, mkalisheni chini mumsikilize. Sisi gauni tunalikata kwa kipimo cha mvaaji, hatumpimi jirani yake.

Wabillahi tawfiq.