Usonji Haukuzidi, Mtoto Ndiye Aliyezidiwa

Imezuka katika baadhi ya shule zetu, na hata katika ofisi za elimu, tabia ya kuandika sentensi moja fupi juu ya mtoto mwenye usonji: "Hali yake imezidi." Ikishaandikwa hivyo, jalada hufungwa. Mwalimu amejivua lawama, ofisa amejivua kazi, na mzazi anaambiwa akae na mtoto wake nyumbani. Sentensi hiyo ni ya kivivu, na haina budi kupigwa vita.

Usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu utotoni. Haupandi Jumatatu na kushuka Ijumaa kama homa. Zinazopanda na kushuka ni dalili zake, na mara nyingi kinachozipandisha ni hali ya nafsi: hofu, kukosa usingizi, huzuni nzito ya sonona. Mtoto aliyezoea kupungapunga mikono mara chache, akitishwa hupunga kutwa. Aliyekuwa na maneno machache huyapoteza. Aliyependa dawati lake likae pale pale, sasa hupiga mayowe likisogezwa shubiri moja. Kurudia jambo lile lile humtuliza. Ndiyo ngome yake. Mwalimu anaposhika kiboko, ambacho hata kanuni za elimu za mwaka 1979 zilikiwekea mipaka, anaongeza hofu ile ile iliyoleta jambo lenyewe, kisha anashangaa kuona limeongezeka!

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiasi cha watu 20 katika kila 100 wenye usonji wana pia maradhi ya wasiwasi, na kiasi cha 11 wana sonona. Hawa wakiandikiwa "hali imezidi", maradhi yanayotibika yanafichwa chini ya jina la usonji.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi. Basi na tumtazame mtoto wa kwanza kati ya wale 11 walioelezwa na Daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943. Donald Triplett, mzaliwa wa Mississippi, alipelekwa katika nyumba ya kulelea watoto mwaka 1937, akiwa na umri wa karibu miaka minne. Huko alizubaa, akakaa kimya bila kujali lolote. Wazazi walipokwenda kumchukua mwaka uliofuata, mkuu wa nyumba ile aliwashauri wamwache, kwani alikuwa akiendelea vizuri. Naam, mtoto aliyezimika hasumbui mtu, na kwa mtawala asiyependa usumbufu hayo ndiyo maendeleo.

Baadaye Donald alikwenda kuishi kwa mkulima mmoja na mkewe. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimpa plau aihesabu huku akilima. Alipong'ang'ania kupima vitu, walimchimbisha kisima, awaambie kina chake. Shule ya kijijini ilimpokea pamoja na vituko vyake, naye akaendelea vyema na masomo. Kanner alipomtembelea mwaka 1945 alistaajabia hekima ya wenyeji wale. Donald alihitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki, na alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, na usonji wake ule ule. Ni kweli kwamba ukoo wake ulikuwa na benki, na watoto wetu hawana. Lakini kumwachia mtoto ahesabu mistari ya mahindi hakuhitaji benki.

Watumishi wa ofisini nao wasijifiche nyuma ya walimu. Mwalimu wa kitengo maalumu huhamishwa katikati ya muhula kwa barua ya mistari miwili. Mtoto aliyemzoea anafika darasani, hamwoni. Wiki mbili baadaye taarifa inaletwa mezani: hali imezidi. Aliyeisaini barua ya uhamisho ndiye anayeipokea, na wala haoni uhusiano. Chama kinachoamini usawa wa binadamu, na nchi iliyotunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, haviwezi kuvumilia utumishi wa namna hiyo.

Taarifa kama hiyo irudishwe shuleni siku ile ile ikiwa na maswali. Mtoto analala saa ngapi? Je, jino au sikio linamuuma? Nani amehamishwa? Nani anampiga? Na jina la anayempiga liandikwe.