Lafudhi si Ila ya Ulimi

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa mimi si mtu wa baridi. Hata hivyo nilipoalikwa Nyeri kwenda kusoma mashairi, nilitia sweta mkobani nikapanda basi. Siku ya pili, baada ya Sala ya Adhuhuri, mwenyeji wangu alinichukua Karatina nikaone soko, na tulifuatana na mpwa wake, binti anayesoma Kampala, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimwuliza anasomea nini.

"Sayansi ya usemi, lugha na usikivu, mzee," akanijibu.

Nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, kusema na kusikia nako kunataka shahada?" Yeye hakucheka, na kabla hatujafika Karatina nilikuwa nimekionea haya kicheko changu.

Mwanafunzi wa shahada hiyo, alinieleza, huanza na mwili: mapafu yanayosukuma pumzi, koromeo, kaakaa, ulimi, mishipa ya fahamu itokayo ubongoni, na lile sikio la ndani lenye umbo la konokono. Husoma fonetiki na isimu, husoma namna mtoto anavyokua, hufunzwa kupima usikivu. Kisha hupelekwa hospitalini na mashuleni chini ya wasimamizi akakutane na wenyewe: mzee aliyepigwa na kiharusi maneno yakampotea, mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, kijana mwenye kigugumizi, hata mgonjwa asiyeweza kumeza, kwani viungo vya kusema ndivyo vya kumezea. Afrika ya Kusini somo hili limefundishwa tangu miaka ya 1930. Sisi wa Afrika ya Mashariki tulingoja hadi mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Makerere kilipofungua shahada ya tiba ya usemi na lugha. Kabla ya hapo aliyeitaka ilimbidi aende mbali zaidi, na wengi wa waliokwenda mbali tunajua hawarudi.

Alipokuwa akinitajia mahali inapozaliwa kila sauti, mimi nilikuwa nimerudi utotoni. Sisi tuliopita chuoni, na kwa Mswahili chuo kilikuwa cha Kurani kabla hakijawa cha digrii, tulifunzwa makhraji: herufi hii ya kooni, hii ya ncha ya ulimi, hii ya midomo. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, alizihesabu makhraji kuwa 17. Zaidi ya miaka 600 kabla yake, Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman, alipanga kamusi yake si kwa alifu na be, bali kwa kuifuata sauti kutoka kooni hadi midomoni, akaanza na herufi ayn. Basi somo hili si geni kwetu kama nilivyodhani njiani. Kilichokuwa kigeni kwangu ni swali la pili analolifuatia binti huyu: asiyeweza kuitoa herufi, kwa nini hawezi?

Tulisimama mbele ya duka moja la nguo, na kijana aliyekuwa mlangoni akatuambia kuwa mwenye "nduka" ametoka. Mtu wa Mombasa akisikia hivyo, aghalabu hutabasamu. Binti akaniona, akanieleza. Kikuyu hakina d iliyo peke yake. D huja imetanguliwa na n. Ile b ya kufunga midomo sawasawa nayo huja na m, ndiyo sababu "basi" ikawa "mbasi". Aidha Kikuyu hakina l. Tunachokiita sisi ulimi, wao huita rurimi, na ukilitazama neno hilo utaona ni lile lile letu, limevaa r mahali pa l. Basi asemaye "nduka" hana ila yoyote. Anasema Kiswahili kwa sauti alizolelewa nazo, na hiyo ndiyo lafudhi.

Sasa tuseme mtoto wa kijana yule anapelekwa kupimwa. Kipimo chenyewe ni cha kawaida: mtoto huonyeshwa picha, huitaja, na mpimaji hutia alama sauti kwa sauti. Vingi katika vipimo hivyo vilitungwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto wa Uingereza na Marekani. Ukikichukua kimoja ukakigeuza kwa Kiswahili sanifu, mtoto wa Nyeri atatoka na cheti cha ugonjwa wa d, b na l. Wala tusimcheke yeye peke yake. Mtoto wa Mombasa asemaye "moya", "ndoo" na "mato", mahali pa moja, njoo na macho, ataanguka vile vile, ilhali Kimvita chake hakina doa.

Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi. Sauti za lugha hazina uzito mmoja. Irabu ni nene na zina nguvu. S, f na th ni nyembamba na dhaifu. Yuko mtoto anayepoteza usikivu wa sauti nyembamba peke yake. Ukimwita atageuka, mlango ukigongwa atashtuka, na bibi yake ataapa kuwa anasikia. Lakini maneno humfikia yametobokatoboka, naye huyarudisha kama yalivyomfikia. Mwalimu akiyasikia matamshi yake atasema ndivyo wasemavyo watu wa huku. Binti alinihadithia mtoto mmoja wa jirani yao, wa miaka 8, aliyekaa benchi la nyuma miaka miwili na kuitwa mzito kabla hajatokea mtu wa kumpima masikio. Lafudhi ya mlimani ilikuwa imeificha ila yake, na waliomzunguka hawakuwa na haja ya kutafuta sababu nyingine.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watu milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji kuhudumiwa. Lilisema pia kuwa kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo ungeweza kuzuiliwa. Miongoni mwa sababu zake ni surua, homa ya uti wa mgongo, na sikio linalotoka usaha likaachwa bila dawa.

Usaha huo naujua. Chuoni kwetu palikuwa na mwenzetu ambaye sikio lake lilikuwa likitoka maji yenye harufu, nasi tukimkwepa tulipokaa mkekani. Sin, shin na tha kwake zilikuwa herufi moja. Mwalimu alimhesabu mkaidi, na bakora ilimwangukia kila asubuhi. Mimi nilimtungia kibwagizo cha kumdhihaki, watoto wakakiimba mtaa mzima, na lazima niseme ukweli kuwa ule ndio utungo wangu wa kwanza kupata wasikilizaji. Aliacha chuo hajakhitimu. Na yote haya yalitendeka mbele ya wazee waliojua habari za Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748, ambaye herufi ra ilimshinda, akawa akihutubia watu bila kutumia neno lolote lenye ra. Al-Jahiz ameyaandika. Wasil tulimsifu kwa ufasaha wake, mwenzetu tukamchapa.

Karibu na Karatina, huko Tumutumu, iko shule ya watoto viziwi. Iko nyingine Kerugoya, nyingine Kaaga kule Meru, na ya Mtakatifu Luka huko Embu. Nilimwuliza binti kama kazi yake itakuwa kuwafanya watoto wa shule hizo waseme kwa mdomo, kwani miaka mingi, mpaka katikati ya miaka ya 1980, ndivyo shule za viziwi nchini Kenya zilivyoamriwa: mtoto asitumie mikono, atamke. Alinijibu bila kusita, "Kazi yetu ni mtoto apate lugha, mzee. Ikija kwa mikono, imekuja." Nami naona jibu lake ni sahihi, hata kwa sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi wa pwani bado tuna neno bubu, tunamtupia kila asiyesema, bila kuuliza kama anasikia au ana lugha nyingine.

Wapo watakaosema kuwa elimu ya namna hii ni anasa, nchi ingali na uhaba wa madaktari. Mimi sioni hivyo. Tangu mwaka 2013 hospitali za wilaya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti ikimlipia kijana wake mmoja au wawili masomo haya, kisha ikawaandalia kazi nyumbani, itapata watu wanaoijua lugha ya watoto watakaowapima. Mgeni mwenye kipimo kizuri hawezi kuijua "nduka" ya Karatina wala "moya" ya Mombasa, na itamchukua miaka kuijifunza. Nyeri wapeleke wa Nyeri, Lamu wapeleke wa Lamu.

Binti wa Karatina anataka utafiti wake wa mwaka wa mwisho uwe juu ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanaosema Kikuyu nyumbani: sauti ipi hutangulia, ipi huchelewa. Jioni, tulipokuwa tukinywa chai ya maziwa, aligeuza kibao akanihoji mimi. Nilimtajia paa la nyumba na paa wa porini, ambaye sisi tunamtamka kwa pumzi. Alinifanya niyaseme maneno yale mara nne, akiyatazama midomo yangu, akaandika. Kisha akauliza mtoto wa Mombasa huanza kuyapambanua akiwa na umri gani. Nikamwambia wa kuulizwa ni mama watoto, nami nimerudi na karatasi yake mfukoni, nimeanza na wajukuu zangu.